Kikanda: Ua la Dembo na Namna ya Kulitunza



Katika soko la Kenya, la Katuba au soko lolote la mji wetu wa Lubumbashi, hukosi kumwona mama aliyeketi nyuma ya sinia lenye vipande vya kikanda. Vipande hivyo ni vya rangi ya hudhurungi, vinateleza kidogo ulimini, na vina ladha ya karanga na pilipili. Watoto huvinunua watokapo shuleni, na nyumbani huliwa kama kitoweo pamoja na bukari.

Hivyo ndivyo tulivyozoea kukijua kikanda, yaani kikiwa juu ya sinia. Ni wachache miongoni mwetu, hasa sisi tukaao mjini, wanaokijua kikiwa bado hai, kimesimama katika unyevu wa dembo na kuchanua. Kwa maana kikanda ni ua. Tena ni ua la jamaa ya okidi, jamaa ile ile ambayo watu wa Ulaya na Asia hutoa fedha nyingi ili kuiweka madirishani mwao.

Juma hili tutazungumza juu ya ua hilo: linavyoishi, kwa nini linapungua, na jinsi mtu mwenye kipande cha ardhi chepechepe nyumbani kwake anavyoweza kulitunza. Jambo lenyewe si la anasa. Linagusa chungu cha jikoni, na linagusa pia mkoba wa mama mwuzaji, ambaye kwa sinia lile hununua sabuni na madaftari ya watoto wake.

Kikanda ni mmea wa namna gani?

Neno kikanda, au chikanda kama wasemavyo Wabemba, si jina la mmea mmoja tu. Ni jina la okidi nyingi zenye viazi vya kuliwa. Wataalamu wa mimea wameziweka hasa katika koo tatu, nazo ni Disa, Satyrium na Habenaria. Mwanafunzi asiogope majina haya ya Kilatini. Akitazama ua kwa makini ataweza kuzitambua koo hizo mwenyewe.

Ua la Disa limevaa kofia, na katika kofia hiyo hutokea mkia mmoja ulio mtupu ndani kama pembe. Ua la Satyrium lina mikia miwili inayoshuka nyuma yake sawasawa, na hiyo ndiyo alama yake. Ua la Habenaria mara nyingi ni jeupe au la kijani, na sehemu zake zimepasuka-pasuka kama nyuzi. Katika ukoo huu zimo namna nyingi zinazotoa harufu jioni, kwa sababu wageni wao ni nondo warukao usiku. Miongoni mwa Disa iko Disa erubescens, yenye rangi iliyo kati ya nyekundu na ya machungwa, ambayo mtu huiona kwa mbali katikati ya nyasi kama kaa la moto.

Okidi hizi hazipandi juu ya miti kama okidi nyingine. Zinaota ardhini, na nyingi katika hizo zinapenda dembo. Dembo, kama wasomaji wa Katanga wanavyojua, ni bonde pana lisilo na miti, ambamo maji ya mvua hukusanyika polepole na kutoka polepole. Majira ya mvua, tangu Novemba mpaka Machi, mguu huzama. Majira ya kiangazi nyasi hukauka na mara nyingi huungua moto, lakini ukichimba kidogo utaona kwamba udongo wa chini bado una ubichi. Udongo huo ni mweusi au wa kijivu, una asidi, na hauna rutuba nyingi. Mahindi hayaupendi. Kikanda kimezoea kuishi humo.

Viazi viwili katika shimo moja

Ili kuelewa shida yetu, yafaa kwanza kujua mwaka wa kikanda unavyopita.

Tukichimbua shina lililochanua, mara nyingi tutakuta viazi viwili chini yake. Kimoja kimenyauka, kimekuwa cheusi na laini. Hiki ni cha mwaka uliopita. Kimetoa chakula chake chote ili kuotesha shina, majani na maua tunayoyaona. Cha pili ni kipya na kigumu. Hiki ni akiba ya mwaka ujao. Mvua zikiisha, majani hukauka na shina hufa, na uhai wote wa mmea hubaki ndani ya kiazi hicho kipya. Hulala chini ya ardhi, salama na jua na moto, mpaka mvua zirudi.

Wahenga walisema, akiba haiozi. Lakini mchimbaji anataka kiazi kipi? Hakitaki kile kilichonyauka, kwa kuwa hakina unga. Anakitaka kile kipya. Akikitoa, mmea umekufa, wala hautaonekana tena mwaka ujao.

Tazameni tofauti iliyopo kati ya kikanda na mimea yetu ya shambani. Mama akichimba mihogo, hukata mti wake na kuupanda tena. Akivuna viazi vitamu, marando yake hubaki na kuota. Akichuma lengalenga, mmea huchipua au humwaga mbegu. Kwa kikanda hakuna mti wa kurudisha ardhini wala marando. Viazi vyenyewe ni vidogo, hivi kwamba sinia moja linahitaji vingi sana. Na kila kiazi kilichomo ni mmea mzima uliong'olewa.

Wazee wetu walichimba pia, nasi hatuwezi kusema walikosa. Walichimba kwa chakula cha nyumba zao, watu walikuwa wachache, na madembo yalikuwa mengi. Leo mji wa Lubumbashi, ulioanzishwa mwaka 1910, ni miongoni mwa miji mikubwa ya Kongo, na kikanda kimekuwa bidhaa ya biashara.

Yaliyowapata jirani

Mfano uko karibu, ng'ambo ya Kasumbalesa. Huko Zambia kikanda kilikuwa zamani chakula cha vijijini, hasa kwa Wabemba wa kaskazini. Viazi hukaushwa, hutwangwa kuwa unga, kisha huchanganywa na unga wa karanga, chumvi, magadi na pilipili, na kupikwa mpaka vishikamane kama mkate. Watu walipohamia mijini walikwenda na chakula chao, na wasio Wabemba wakakipenda vilevile. Mahitaji yakazidi. Madembo ya kwao yakapungukiwa, na wafanyabiashara wakaanza kuvuka mipaka kwenda Tanzania, Malawi na huku kwetu Kongo kutafuta viazi.

Mwaka 2003 wataalamu wawili walitangaza habari za biashara hiyo katika nyanda za juu za kusini mwa Tanzania. Walikadiria kwamba viazi vya okidi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikitoka huko kila mwaka kwenda kuliwa Zambia. Watu wa sehemu zile wengi hawakuwa na desturi ya kukila kwa wingi. Walichimba kwa sababu mnunuzi alikuwa amefika mlangoni. Ndipo mwaka 2005 serikali ya Tanzania ikaufanya uwanda wa Kitulo kuwa Hifadhi ya Taifa. Uwanda huo umeinuka mita 2,600 hivi juu ya bahari, na wenyeji huuita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake. Hifadhi nyingi za Afrika ziliwekwa kwa ajili ya tembo na simba. Hii iliwekwa hasa kwa ajili ya maua.

Hata nje ya Afrika habari ni ile ile. Katika nchi ya Uturuki watu husaga viazi vya okidi za kwao na kupata unga uitwao salep, unaotiwa katika kinywaji cha moto na katika barafu ya maziwa. Ili kupata kilo moja ya unga huo huhitajika viazi elfu moja au zaidi. Okidi zao zimepungua sana, hata serikali ikakataza salep halisi kuuzwa nje ya nchi.

Mataifa pia yameliona jambo hili. Mkataba uliotiwa sahihi Washington mwaka 1973, juu ya biashara ya wanyama na mimea ya porini, umeziweka okidi zote chini ya ulinzi. Kuzivusha mpaka bila hati ni kosa. Kongo, wakati huo ikiitwa Zaïre, iliingia katika mkataba huo mwaka 1976. Hata hivyo hati ya serikali haiotishi kikanda. Kinachoota ni kile kilichoachwa ardhini.

Tena kuna adui wa pili, naye si mchimbaji. Mji unapanuka, na madembo ya pembezoni yanageuzwa kuwa viwanja vya nyumba au mashamba ya kabichi na vitunguu. Mkulima wa mboga huinua matuta, hutia samadi na chokaa, na kupalilia mara kwa mara. Hatumlaumu, maana mji wahitaji kula. Lakini ajue kwamba mahali palipotengenezwa hivyo kikanda hakirudi.

Kwa nini hakuna anayekipanda?

Wengine watasema, basi na tukilime kama mihogo, na shida itakwisha. Shauri hilo ni jema, lakini kikanda kina tabia yake.

Kifuko kimoja cha mbegu za okidi kina mbegu maelfu, nyepesi kama vumbi, zipeperushwazo na upepo. Sababu ya wepesi huo ni kwamba mbegu hazina chakula ndani yake. Punje ya hindi ina unga wa kulisha kichipukizi mpaka kipate majani. Mbegu ya okidi haina kitu. Ili iote, sharti ikutane ardhini na kuvu fulani, yaani jamii ya ule ukungu tuuonao katika majani yaliyooza. Kuvu hiyo huingia katika mbegu na kuilisha mpaka iweze kujitegemea. Isipokutana nayo, hufa.

Aliyefumbua siri hiyo ni Mfaransa Noël Bernard, mwaka 1899, alipokuta miche michanga ya okidi katika msitu wa Fontainebleau na kuona ya kuwa yote ilikuwa imeingiliwa na kuvu. Mwaka 1922 Mmarekani Lewis Knudson alionyesha njia nyingine: aliotesha mbegu za okidi ndani ya chupa safi, juu ya uji mzito wenye sukari, bila kuvu. Tangu hapo okidi nyingi za madukani huoteshwa katika chupa. Lakini kazi hiyo yahitaji vyombo visivyo na vijidudu hata kimoja, na mche utokao katika chupa lazima baadaye uzoeshwe udongo. Hii si kazi ya jembe na ndoo. Ndiyo sababu viazi vinavyouzwa sokoni hutoka porini.

Hata hivyo tusikate tamaa. Katika mlima wa Table Mountain, Afrika Kusini, iko ndugu ya kikanda chetu, Disa uniflora, yenye ua kubwa jekundu. Inaota kando ya vijito na maporomoko, ambapo maji baridi hupita daima. Watunza bustani wamejifunza kuiotesha kwa mbegu juu ya kuvumwani au udongo wa mboji wenye unyevu usiokatika. Tangu mwaka 1891 wamekuwa wakiichanganya na ndugu zake kupata maua ya rangi mpya, na leo huuzwa katika vyungu huko Ulaya. Disa ile hailali kiangazi kama zetu, kwa hiyo hatuwezi kuiga kila kitu. Lakini inatufundisha jambo moja: okidi ya mahali pa maji ikipewa maji safi, udongo usio na mbolea kali na mtu mwenye saburi, yaweza kukaa bustanini.

Kutunza kikanda katika lupango

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Shauri hili ni kwa yule tu aliye na mahali chepechepe: chini ya mteremko wa lupango wake, kando ya kijito, au pembeni mwa bustani ya shule iliyopakana na dembo. Asiye na mahali kama hapo asichimbe kikanda kukileta nyumbani, maana atakiua bure.

Kwanza, chagua mahali. Pawe na jua la kutosha, kwa kuwa dembo halina kivuli cha miti. Pawe na maji yanayopenya polepole ardhini. Dimbwi linalokaa majuma mengi na kunuka halifai. Nyasi fupi za asili zikiwa zimeota hapo, ziache; ni dalili njema.

Pili, usitie kitu. Usitie samadi, wala majivu, wala chokaa, wala mbolea ya dukani. Kwa mkulima wa mboga amri hii ni ngumu, lakini mbolea hunenepesha nyasi zikasonga kikanda, na huisumbua ile kuvu kinachoitegemea. Wala usipitishe hapo maji ya sabuni yatokayo bafuni au penye kufulia. Ukihitaji kunyesheza, tumia maji ya mvua au ya kijito safi.

Tatu, pata miche kwa haki. Usiende katika dembo zima na kuling'oa. Tafuta mahali palipokwisha kuhukumiwa: kiwanja kinachoanza kujengwa, au dembo linalogeuzwa shamba. Omba ruhusa kwa mwenye ardhi au kwa mfumu wa kijiji. Kikanda kikiwa kimechanua, weka kijiti kando ya kila shina ili usikipoteze, maana majani yakikauka hutaona kitu. Ngoja mpaka mwanzo wa kiangazi, majani yanaponyauka na kiazi kipya kimekomaa.

Nne, hamisha pamoja na udongo wake. Jambo hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Kata bonge la udongo lenye upana na kina cha shubiri moja au zaidi, kiazi kikiwa katikati, pamoja na nyasi na mizizi yake yote. Usikung'ute, usioshe. Ndani ya udongo huo imo kuvu ambayo bila yake kikanda hakitadumu wala mbegu zake hazitaota. Chimba shimo la kadiri ile ile, weka bonge humo bila kubadili kina chake, ushindilie kidogo kwa mikono.

Tano, kiache kilale. Tangu Mei mpaka mvua za kwanza usikimwagilie maji mengi kwa kudhani kimekufa. Udongo wa chini ukiwa na ubichi kidogo, yatosha. Kiazi kikilowa mno wakati wa usingizi huoza. Usitumie jembe mahali hapo hata siku moja. Nyasi zikirefuka, zikate kwa mundu wakati wa kiangazi, na uziondoe. Weka uzio kuzuia nguruwe na kuku, maana hupenda kufukua.

Sita, lisaidie ua kupata mbegu. Mashina yakiwa machache, huenda nyuki na nondo wasiyatembelee. Chukua kijiti kama cha kiberiti, kikiwa na ncha laini. Gusa polepole katikati ya ua, na vidonge viwili vidogo vya chavua vitashikamana nacho. Vipeleke katika ua la shina jingine la namna ile ile, ukavigusishe penye unata. Ikiwa umefaulu, ua litanyauka na kifuko chake kitavimba. Usifanye hivyo kwa maua yote ya shina moja, usije ukauchosha mmea, machache yatosha.

Saba, panda mbegu miguuni pa mama. Kifuko kikigeuka rangi kuwa cha udongo, kabla hakijapasuka, kikate siku isiyo na upepo, na ukung'utie mbegu juu ya udongo mbichi ulio wazi kando ya mashina yaliyopo. Hapo ndipo kuvu ilipo. Usizifukie. Kisha ngoja. Hutaona kitu mwaka wa kwanza, na huenda hata wa pili, kwa sababu mche mchanga huishi chini ya ardhi kwanza. Itapita miaka kadhaa kabla mtoto hajachanua.

Msomaji asidanganyike: miche mingine itakufa hata kwa mtu mwangalifu. Lakini kiwanja kile kingekijengewa nyumba, yote ingekufa.

Neno kwa wachimbaji

Wanaosoma ukurasa huu wengi hawana dembo nyumbani, bali wana mama au dada anayechimba na kuuza. Kumwambia aache ni kazi bure, maana watoto wake watakula nini? Afadhali kumweleza jinsi ya kuchimba ili mwaka ujao apate tena.

Asichimbe wakati wa maua. Angoje vifuko vipasuke na mbegu ziruke, ndipo achimbe. Hapotezi chochote kwa kungoja, kwa kuwa kiazi kinakuwa kikubwa na kigumu zaidi wakati huo. Katika mashina matatu yaliyo pamoja achimbe moja, ayaache mawili. Viazi vidogo visivyo na faida asivibebe. Avirudishe shimoni palepale na kufukia. Asiache mashimo wazi, maana jua hukausha udongo na kuua vilivyobaki. Na wanawake wa kijiji kimoja wakipatana, waligawe dembo lao: upande huu uchimbwe mwaka huu, upande ule upumzike, kama shamba linavyolazwa.

Kupatana huko ni lazima. Mama mmoja akiacha mashina mawili, na mwenzake akaja nyuma yake kuyachukua, wa kwanza ataonekana mjinga, na mwaka ujao hataacha lolote. Kwa hiyo shauri hili si la mtu mmoja. Ni la wachimbaji wote wa dembo moja, pamoja na mfumu wao, na pamoja na mnunuzi atokaye mjini. Mnunuzi aliye na akili asipokee viazi vya ukubwa wa harage, maana anakula biashara yake mwenyewe.

Neno jingine: ulizeni viazi vimetoka wapi. Tanuru la shaba la Lubumbashi, lililoanza kazi mwaka 1911, liliangusha moshi na vumbi lake kwa miaka mingi upande wa Penga Penga, hata miti ikafa na ardhi ikabaki tupu. Ardhi iliyojaa madini si mahali pa kuchimba chakula.

Kazi kwa wanafunzi

Ninyi mnaosoma, kazi hii yawafaa kuliko watu wazima, kwa sababu macho yenu ni mapya na mna miaka mingi mbele yenu.

Mvua zikianza, nendeni pamoja na mwalimu wenu katika dembo lililo karibu. Pimeni mraba wa hatua kumi kwa kumi, mwekeeni alama kila pembe. Tangu Desemba mpaka Machi hesabuni mashina ya kikanda yanayochanua ndani yake. Andikeni katika daftari tarehe, idadi, rangi ya ua, na kama lina mkia mmoja au miwili. Msichume. Mkipenda kumbukumbu, chora ua kwa penseli. Mwaka ufuatao hesabuni tena mahali pale pale. Baada ya miaka mitatu mtakuwa na habari ambayo huenda hakuna mtu mwingine anayo kuhusu dembo hilo: kama kikanda chake kinaongezeka, kimesimama, au kinakwisha. Mpelekeeni mfumu na wachimbaji daftari hilo, mkawasomee hesabu zenyewe. Mtu hubishana na maneno ya mwalimu, lakini huona vigumu kubishana na hesabu aliyoshuhudia mwanawe mwenyewe.

Waulizeni pia nkambo zenu majina. Watu wa vijijini hawasemi kikanda tu. Wana jina la kiazi hiki na la kile, wanajua kipi kinateleza vizuri chunguni na kipi ni kichungu. Yaandikeni kama yanavyotamkwa kwenu. Ujuzi huo umo vichwani mwa wazee, na wao hawatakaa nasi siku zote.

Yatosha kwa juma hili. Mvua za kwanza zikinyesha, mwenye kipande chepechepe akitazame kabla ya kukitia jembe. Huenda kuna kiazi kinachoamka humo. Akiwekee kijiti, na majirani waambiwe.